Joto la Tanga limevuruga matumbo nyumbani kwangu, nipike nini? Naombeni ushauri

MamaFuraha
Habari za jioni wana jukwaa. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mzaliwa wa Njombe, nimehamia Tanga mwezi wa tisa kumfuata mume wangu, tunaishi Makorora. Kwetu mwezi wa saba ukiamka alfajiri unakuta baridi imegandisha umande kwenye majani, kwa hiyo nimekua nikijua chakula ni kile kinachokaa tumboni: makande, viazi, ugali wa moto na maharage. Miezi ya mwanzo hapa sikuona shida. Ilipoingia Desemba na hili joto, mambo yakageuka.

Mimi napata choo mara mbili kwa wiki, tena kigumu, natoka huko jasho linanitiririka. Mume wangu kila akilala kiungulia kinampanda. Mtoto wa miaka sita ameharisha mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mchana hakuna anayetamani kula, tunashinda na soda ya baridi na chai, halafu saa tatu usiku kukipoa kidogo tunakula kama wa kufidia.

Friji hatuna. Nachemsha maharage asubuhi sufuria nzima, nafunika, naacha jikoni, usiku ndiyo naunga. Juzi nimefunua saa kumi na moja jioni nikakuta povu jembamba limetanda juu, harufu kama ya togwa. Nikayachemsha tena, nikaongeza kitunguu, tukala. Usiku ule ule mtoto akaharisha. Roho inaniuma mpaka leo.

Wenyeji, miezi hii nyie mnakula nini?

BiChumbageni
Marahaba mwanangu, karibu Tanga. Usijilaumu, hukufundishwa joto. Sasa nisikilize mie.

Kaskazi ikivuma, jikoni kwangu napika kidogo, napika mara mbili. Asubuhi kabla jua halijakaza nakula cha kushiba: muhogo wa kuchemsha au mbaazi, na chai ya rangi yenye tangawizi. Hapo ndipo tumbo lina nguvu. Mchana chakula chepesi chenye majimaji, wali kidogo na mchicha, tembele au bamia, na samaki wa kuchemsha kwa ndimu. Usiku nakula mapema, saa kumi na mbili na nusu, magharibi ikiisha nishaosha vyombo. Hiyo saa tatu yenu mkishakula mnapanda kitandani, chakula kiende wapi? Kinarudi juu.

Nazi usiiache, ila ijue. Ukishakuna, kamua tui zito, kasimile, liweke pembeni. Tia maji, kamua tena, upate tui jepesi. Mboga iive kwenye hilo jepesi. Kasimile unatia mwishoni, vijiko viwili vitatu tu kwa joto hili, unakoroga bila kuacha mkono lisikatike, likitokota mara moja unaepua. Watu wengi wanamimina kasimile yote, mchuzi unakuwa mafuta matupu, halafu wanasema nazi inawaletea kiungulia. Na mchuzi wa nazi haulali. Pika wa kuisha.

Maharage loweka usiku, asubuhi mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya. Gesi itapungua. Ukishindwa, kula choroko, ni nyepesi na haili mkaa.

Mzee wa Sahare
Bi mkubwa kasema kweli. Mie naongeza la samaki, maana ndiko niliko. Nunua asubuhi boti zikiingia, usingoje jioni bei ishuke. Mwangalie jicho, liwe limejaa na linang'aa. Fungua matamvua, yawe mekundu. Ukimbonyeza kidole, nyama irudi. Vibua na jodari ndio wa kuogopa zaidi wakikaa juani bila barafu, ndani yao inajijenga sumu ambayo hata ukaange mpaka mkavu haitoki. Unakula, uso unawaka, mwili unawasha, kichwa kinagonga, tumbo linaharisha, watu wanasema "samaki wamemkataa". Samaki hakumkataa mtu, amelala juani.

kijana_wa_Ngamiani
Kiungulia cha shemeji kinatibika rahisi. Alambe magadi kidogo kabla ya kulala, mimi natumia miaka.

Muuguzi_Muheza
Hapana ndugu yangu. Magadi yanatuliza kwa nusu saa kwa sababu yanaua tindikali, lakini yamejaa sodiamu. Mwenye presha yanamuumiza, na yanaficha ugonjwa usitafutwe.

MamaFuraha, pole sana, nianze na mtoto. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili nje, na kwa joto la sasa mimi ningesema hata chini ya hapo. Kuchemsha upya kunaua vijidudu, lakini baadhi yao wanakuwa wameshaacha sumu ambayo moto hauiondoi. Wali na maharage ndivyo vinavyodanganya watu zaidi. Kikishatoa povu, mwaga, hata kama roho inakuuma kwa hela yake. Barafu za vifuko na juisi za mtaani pia mwepushe nazo kama hujui maji yake.

Akiharisha tena, mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki kutoka kituo cha afya, zinki anakunywa siku 10 hadi 14. Ukikosa ORS kwa muda huo, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Akiwa hanywi, macho yameingia ndani, analegea, au choo kina damu, usisubiri asubuhi.

Wewe na choo kigumu: jasho linakukausha, na utumbo mpana ukikosa maji unayavuta kutoka kwenye choo. Soda na chai havitoshi. Kunywa maji kidogo kidogo siku nzima mpaka mkojo uwe wa rangi hafifu. Halafu nyuzinyuzi, zile za kwenye mboga, matunda na maharage zinazolainisha choo. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 kwa siku, na nyie mlioacha kula mchana hamfiki hata nusu. Ongeza polepole, ukirukia siku moja gesi itakutesa.

Mpare_Lushoto
Kwa hilo la nyuzinyuzi, dada yangu umetoka Njombe, parachichi unalijua kuliko sisi. Moja zima linakaribia gramu 10. Na machungwa, hapa Tanga nimeona kila mtu anakata kichwa, anafyonza maji, anatupa makapi. Yale makapi ndiyo dawa yenyewe. Menya mpaka ganda liishe, kula vipande na ule utando wake.

BiChumbageni
Hapo umenigusa, hata mie hufyonza. Mwanangu, na ukwaju: loweka kwenye maji yaliyochemshwa yakiwa vuguvugu, vuruga kwa mkono mpaka nyama iachane na kokwa, chuja, sukari kidogo sana. Glasi moja jioni, asubuhi utaniambia. Mtoto usimpe wakati anaharisha. Na papai lililoiva lisikosekane mezani.

MamaFuraha
Narudi baada ya wiki tatu. Nimesoma kila neno, asanteni mno.

Sasa napika mara mbili, sufuria ndogo. Mboga naichukua sokoni Mgandini asubuhi ya siku hiyo hiyo. Nimejifunza bamia kwa ndimu na mtoto anazipenda. Hajaharisha tena. Mimi napata choo kila siku, ikizidi sana siku moja inaruka, ukwaju wa Bi mkubwa umenifaa. Wiki ya kwanza gesi ilinisumbua kweli, nikapunguza choroko, ikatulia.

Mume wangu ndiye bado. Anatoka kazini saa mbili usiku, kula mapema haiwezekani siku zote. Tumekubaliana ale cha kushiba kazini saa kumi, usiku anywe uji tu. Kiungulia kimepungua, hakijaisha. Halafu jana nikifua suruali yake nimekuta vidonge vya maumivu, diklofenaki, mfukoni. Kumbe kila jioni anameza kwa ajili ya mgongo, mara nyingi tumbo tupu. Muuguzi, hii ina uhusiano?

Muuguzi_Muheza
Ina uhusiano mkubwa sana, dada. Dawa hizo zinachubua ukuta wa tumbo. Vidonda vingi vya tumbo vinatokana nazo au na bakteria anayeitwa H. pylori, pilipili mnaionea bure. Aache kumeza leo, na apelekwe kituoni apimwe huyo bakteria, kuna kipimo cha choo. Mgongo nao utibiwe kwa njia nyingine. Akitoa choo cheusi kama lami au akitapika damu, hospitali saa hiyo hiyo.

MamaFuraha
Nimemsomea ujumbe wako wote. Alinyamaza kwanza, kisha akanipa vile vilivyobaki mwenyewe. Jumatatu asubuhi tunakwenda wote, nimeshaomba ruhusa kazini. Nitaleta majibu hapa.