Mwiko wa ukoo na lishe ya mtoto

Swali: Mtoto wa ukoo wa Nsenene, Buganda (Uganda), haruhusiwi kula senene, panzi waliwao, kwa kuwa ni mwiko wa ukoo. Ana miaka miwili. Protini na madini ya chuma apate wapi?

Jibu 1: Mwiko usiuguse, senene wenyewe ni wa msimu tu. Maharage loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha hadi yapondeke. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kina protini gramu 7 hivi. Ongeza mukene, dagaa wa ziwani: chambua, osha mchanga, kausha, saga, kijiko kimoja kwenye uji. Matoke (ndizi za kupika) pekee hayatoshi, ni wanga zaidi.

Jibu 2: Chai wakati wa mlo iondoe! Inazuia chuma cha maharage kufyonzwa. Mpe chungwa au papai, vitamini C husaidia.

Jibu 3: Wa ukoo mwingine, Mmamba, je? Wanaacha samaki aina ya kamongo, sangara ruksa.