Fundi kabadilisha bomba la sensa ya hewa bila kugusa kompyuta, pistoni imetoboka!

Wakuu, nina hasira na sitaficha. Injini yangu ya mbio iko mezani imefumuliwa, pistoni ya silinda ya tatu ina tundu linalopitisha kidole gumba, na fundi aliyeishughulikia ameshikilia kwamba tatizo ni petroli yangu.

Alichofanya ni hiki. Aling'oa sensa ya hewa, ile ya waya wa moto inayopima hewa inayoingia kwenye injini, kwenye bomba lake la milimita 70 akaipachika kwenye bomba la milimita 80 "ili injini ipumue". Kompyuta ya injini, inayopanga mafuta kwa kufuata sensa hiyo, hakuigusa. Nilimuuliza mara mbili, akanijibu sensa ni ile ile, haina neno.

Ina neno, tena kubwa! Waya ule haupimi hewa yote inayoingia. Unapozwa na ile kidogo inayopita kwenye kijidirisha chake, na kompyuta inakadiria iliyobaki kwa ukubwa wa bomba ililofundishwa. Pigeni hesabu wenyewe: 80 gawa kwa 70, kipeo cha pili, eneo limeongezeka kwa karibu asilimia 31. Hewa ile ile sasa inapita polepole zaidi, sensa inaripoti kama asilimia 77 tu, na nozeli, zile zinazopuliza mafuta kwenye injini, zinamwaga mafuta ya hiyo 77. Tulikuwa tumepanga uwiano wa hewa 12 kwa mafuta 1, kwa uzito, turbo (inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini) ikikaza. Gawa hiyo 12 kwa 0.77, unavuka 15, yaani mafuta machache mno kwa hewa hiyo. Kwa injini ya turbo iliyokanyagwa hadi mwisho, hapo unayeyusha pistoni.

Kinachoniuma zaidi, dalili zilikuwepo kwenye kumbukumbu za kompyuta. Mzunguko wa injini ukiwa chini, sensa ya oksijeni, ile ya kwenye bomba la moshi, ilikuwa inadai mafuta zaidi na zaidi, mpaka nyongeza ikagota kwenye ukomo wake wa asilimia 25. Ndiyo maana gari lilionekana zima likitembea taratibu. Ukikanyaga lote, kwenye kompyuta yangu masahihisho hayo yanazimwa. Huko juu sensa ilisoma volti 4.0; kwa bomba la zamani, presha ile ile ya turbo, ilikuwa 4.3. Alizifungua data hizo mbele yangu, akazipita bila kusema kitu.

Sasa ananishauri nitoe sensa hiyo niweke ya presha ya manifoldi, ile njia inayogawa hewa kwa silinda. Sina ugomvi nayo, haizibi njia ya hewa na magari mengi ya mbio yanaitumia. Lakini nayo inategemea jedwali la jinsi silinda zinavyojaa, ukibadilisha kemshafti tu (mhimili unaofungua vali), jedwali linakosea. Mtu aliyeshindwa kurekebisha mstari mmoja wa sensa kwenye kompyuta, ule unaogeuza volti kuwa kiasi cha hewa, atanijengea jedwali zima?

Nataka anilipe pistoni na kazi ya silinda. Bomba nimelitunza, na faili la kumbukumbu ninalo. Anayesema ni petroli aje anieleze kwa nini nyongeza iligota kwenye 25 siku ile ile bomba lilipofungwa, wakati tangini bado ilikuwemo petroli ya wiki iliyotangulia.