Kilomita 400 kwa ndege ni muda gani hasa? Tupeane uzoefu

Habari zenu wadau. Mwezi uliopita niliachwa na ndege ya pili kwa sababu ya hesabu yangu. Niliangalia umbali kati ya viwanja viwili vya mikoani, nikakuta kilomita 400. Ndege ilikuwa ya pangaboi, ATR 72, ambayo ikishatulia juu inakwenda karibu kilomita 500 kwa saa. Nikagawanya, nikapata dakika 48. Tiketi ilisema saa moja na dakika kumi, lakini nikashika dakika zangu na kukata tiketi nyingine ya kuendelea mbele, muda ukiwa umebana.

Mlango ulifungwa kwa wakati. Tukajikokota hadi mwisho wa njia, tukasubiri ndege nyingine itue, tukageuka, ndipo injini zikanguruma. Magurudumu yalipoacha lami zilishapita dakika 14 tangu mlango ufungwe. Nilikaa nikiangalia saa tu, moyo unadunda.

Aliyewahi kushangazwa na safari fupi atuambie, mwingine asije akaachwa.

Mdau wa 2
Pole sana mkuu. Muda wa tiketi huanza ndege inapotoka kwenye maegesho na huishia inaposimama kwenye maegesho ya kule, siyo hewani peke yake. Mimi umbali kama huo nimeusafiri kwa jeti ya zaidi ya kilomita 800 kwa saa, nikitegemea nusu ya muda. Tuliokoa kama dakika kumi! Safari fupi jeti haipati pa kukimbilia. Inapanda, inatulia kidogo, inaanza kushuka. Na nchi nyingi zinaibana chini ya futi 10,000 isizidi maili 250 za baharini kwa saa, karibu kilomita 460.

Mdau wa 3
Usisahau upepo. Mimi huenda kumwangalia mama mara kwa mara, na kwenda kunachukua muda mrefu kuliko kurudi, ndege ileile. Chukua hizohizo kilomita 400 na mwendo wako wa 500. Upepo wa mbele wa kilomita 100 kwa saa unakupa dakika 60. Ukikusukuma kutoka nyuma, dakika 40.

Mdau wa 4
Sisi tulishafika kabisa. Nyumba nikaziona, mhudumu akakagua mikanda, halafu ndege ikalala ubavu. Jua likahama dirishani kwangu likaenda upande wa pili, likarudi, likahama tena. Mtoto wa jirani yangu akaanza kulia. Rubani akatangaza kwamba mvua imekaa juu ya njia ya kutulia, tunazunguka mpaka ipite. Dakika 25. Nawashukuru marubani wasiolazimisha.

Mdau wa 5
Kwa wanaovuka mpaka: kila saa kwenye tiketi ni ya mahali husika. Niliona kuondoka na kufika vimepishana dakika kumi, nikamwambia kaka anifuate mapema. Kumbe kule wako nyuma yetu saa nzima.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. @Mdau wa 3, hilo la upepo sikuwa nalo kabisa. Wiki ijayo narudia safari ileile, na safari hii nimeacha saa tatu katikati. Nitawaletea dakika halisi, mlango hadi mlango.