Tupeane uzoefu: uliyewahi kwenda Mwanza kupumzika, ulikuta nini?

Mama Mapacha
Habari za leo wakuu. Niko Dodoma, nina mapacha wa miaka tisa, na ninaishi na mama yangu mzazi ambaye mwaka huu kasema wazi: "Bahari nimeichoka, nipelekeni Mwanza." Alifika huko akiwa binti, kwa treni, na anachokumbuka ni mawe na harufu ya samaki. Baba watoto anabisha. Anasema Mwanza ni mji wa kufuata dagaa na kurudi, nani anakwenda kupumzika Mwanza?

Tunapanga mwezi wa sita, wiki moja. Majina ya hoteli sihitaji, hayo nitayatafuta. Nataka kusikia wewe ulifanya nini, wapi ulifurahi na wapi ulijuta. Karibuni.

Naweka Kambi
Nimevuta mkeka, nimeweka na karanga. Endeleeni.

Ngosha wa Mabatini
Mwadila, dada. Mumeo ana nusu ya haki. Huu mji haukujengwa uwe wa likizo. Wajerumani waliweka kituo hapa 1892, reli ikafika 1928, na mzigo uliokuwa ukisubiriwa ni pamba. Hata timu yetu inaitwa Pamba, TP Lindanda, ambayo imerudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya kutuaibisha miaka mingi (sitaki kuulizwa zaidi).

Sisi tuliokulia mlimani hatukujua kama tunaishi kwenye kivutio. Tulijua kubeba ndoo ya maji kupanda mawe, na kwamba mvua ikinyesha unamsikilizia jirani wa juu, maana kila kitu chake kinateremka kwako. Halafu wageni wakaanza kuja kupiga picha nyumba zetu, na vyoo pia, eti vimekaa juu ya jiwe kama kofia. Tukaanza kuangalia upya.

Uzoefu wangu ni huu. Kila mgeni anayenifikia, siku ya kwanza simpeleki popote. Jioni nampandisha juu ya jiwe, tunakaa na mahindi ya kuchoma, tunasubiri giza. Giza likiingia vizuri, ziwani kunatokea mji mwingine: taa moja, tano, mamia. Hao ni wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi wengi wana taa za sola. Dagaa wanafuata mwanga, wavu unasubiri chini yake.

Sasa sikiliza hili, maana wageni wengi linawapita: kazi hiyo ni ya giza. Siku za mbalamwezi taa hazina maana kwa dagaa, wavuvi wengi wanalala nyumbani na ziwa linakuwa jeusi. Ukija mwezi mpevu utarudi Dodoma kusema Ngosha ni mwongo. Angalia kalenda ya mwezi kabla hujakata tiketi.

Mama Mapacha
Jamani, sikuwahi kufikiria mwezi kwenye kupanga safari! Asante kaka.

Mwana Tanga
Mimi nakuja na la kujuta, dada, usinune.

Nimezaliwa Tanga, maji kwangu si jambo la kuogopa. Nilipofika Mwanza kikazi, Jumamosi wenzangu wakanipeleka pembeni ya ziwa, mahali pa matete matete, maji yametulia kama ya beseni. Nikaingia. Hayana chumvi, hayachomi macho, nikasema leo nimepata bahari ya watoto. Nikakaa humo saa nzima. Wenyeji hawakuingia, walikuwa wanacheka tu juu ya jiwe, na mimi nikadhani ni ushamba. Mshamba nilikuwa mimi.

Wiki kama tano baadaye, nimesharudi kwetu, homa. Ngozi inawasha, kikohozi, tumbo halieleweki. Nilipimwa malaria mara mbili, hakuna. Nikapewa dawa za minyoo, dawa za kikohozi, nikaambiwa ni uchovu. Aliyenisaidia ni tabibu mmoja mzee wa zahanati ndogo. Hakugusa hata kipimo, akauliza: "Umeogelea wapi karibuni?" Nikamwambia. Akasema kichocho, kisha vipimo vikathibitisha. Vidonge vyenyewe unavimeza siku moja kulingana na uzito wako, basi. Ila ile miezi niliyozungushwa sitaisahau.

Konokono wanaobeba vimelea wanapenda maji ya kina kifupi yaliyotulia yenye majani. Mapacha wako wakitaka kuogelea, wapeleke kwenye bwawa la kuogelea. Na mkirudi mtoto akipata homa, mtajieni daktari neno "ziwa" kabla hajauliza.

Fundi Saa
Kwa hiyo tusiogelee, tukatazame taa? Likizo gani hii 😂

Mwana Tanga
Mkuu, wewe kaogelee. Sisi tutakusubiri juu ya jiwe.

Mkerewe wa Nansio
Nimesoma kwa hamu, naona kisiwa chetu hakijatajwa. Ukitaka kuwaonyesha watoto kitu, wapandishe meli waje Ukerewe. Kutoka bandari ya Mwanza mpaka Nansio ni karibu masaa matatu, na hayo ndiyo mapumziko yenyewe: mama kuku wake kwenye kapu, mwalimu anasahihisha madaftari, mtu wa machungwa anarudi na magunia matupu baada ya kuuza mjini. Mnaokula machungwa pale Soko Kuu mnadhani yote yanatoka Tanga? Wengine tunayaleta sisi, kwa maji. Anayeogopa meli azunguke kwa barabara mpaka Bunda, ashuke Kisorya, avuke kwa kivuko kifupi mpaka Rugezi.

Sitaficha upande wa pili. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa. Wengi walikuwa wametoka gulioni. Nilikuwa na jamaa humo. Tangu hapo, nikipanda chombo chochote, jambo la kwanza ni kuangalia jaketi za kuokolea ziko wapi, na nikiona watu wamezidi, nashuka. Nauli yangu wabaki nayo. Dada, fanya hivyo hivyo, usione haya mbele ya watu.

Ukipata siku ya ziada fika Ukara yenyewe. Wageni wanapelekwa kuona jiwe linalocheza, ni sawa, nendeni. Ila mimi ningempeleka mtoto wa mjini akaone shamba la Mkara. Ardhi ni ndogo na watu ni wengi tangu enzi za mababu, kwa hiyo ng'ombe analishwa zizini, majani yanakatwa na kubebwa, samadi inarudishwa shambani kichwani. Hakuna kipande kinacholala bure. Waliokuja kusomea kilimo wameandika sana kuhusu hao wazee, na wazee wala hawana habari.

Dada wa Kisesa
Mwezi wa sita umesema? Basi umeshapata, bila kujua. Njoo Bujora.

Ni hapa Kisesa, barabara ya Musoma, kilomita kama 20 kutoka mjini. Ni makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri Mkanada, David Clement, miaka ya 1950. Nyumba ya ngoma za watemi imejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ngoma zenyewe zimo. Lakini hayo yapo mwaka mzima. Ya mwezi wa sita ni Bulabo, maana yake maua. Inaanza na sikukuu ya Ekaristi ya Wakatoliki, kwa hiyo tarehe inahama kila mwaka, na ngoma zinaendelea siku kadhaa, wakati mwingine hadi wiki ya pili.

Mashindano ni ya Wagika na Wagalu. Hayo mengine muulize babu yeyote atakukalisha mpaka usiku. Wewe jua hivi: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja upande wake. Mshindi ni yule ambaye watu wamehamia kwake. Ndiyo maana utaona vituko: mwenye chatu shingoni, wenye majembe wanayarusha na kuyadaka kwa mdundo, hiyo ni bugobogobo, ngoma ya kulimia. Ukisikia watu wanakimbia ghafla, usiulize, kimbia nao, kuna kitu kimetokea upande wa pili!

Nilimpeleka shemeji yangu wa Moshi akiwa na viatu vya kisigino. Alirudi peku, kavishika mkononi, anaimba Kisukuma asichokijua.

Mama Mapacha
Chatu!!! Mama anacheka hapa mpaka anatoa machozi. Anasema treni ile ilikuwa na mzee mwenye nyoka kwenye mkoba na hakuna aliyemwamini alipokuwa akisimulia.

Mtoto wa Magu
Mimi kwetu likizo ilikuwa neno la shuleni tu. Shule ikifungwa mwezi wa sita, pamba imepasuka na mpunga unavunwa, binamu zangu wa mjini wanaletwa "kupumzika" kwa bibi. Walikuwa wanapumzika kweli, siku ya kwanza. Siku ya pili kila mmoja na mfuko wake, mstari wake.

Pamba kwa mbali ni nzuri kama picha. Karibu, vile vikonyo vya tumba lililokauka vinachoma vidole, na mgongo unajua idadi ya mistari iliyobaki. Jioni inatandazwa, inachambuliwa: safi huku, fifi kule. Bibi alikuwa mkali kwenye hilo kuliko mnunuzi. Kulikuwa na watu waliotia maji na mchanga uzito uongezeke, na bibi aliwataja kwa majina kila sala ya jioni.

Miaka mitatu iliyopita nikajaribu kitu. Wafanyakazi wenzangu wanne wa Dar walikuja Mwanza kutembea, wameshapiga picha na Jiwe la Bismarck, wameshavuka kwenda kisiwa cha Saanane, siku tatu zimebaki hawajui wafanye nini. Nikawapeleka nyumbani. Walichuma pamba nusu siku, wakakaa kivulini nusu siku, wakala ugali na maziwa mgando, usiku michembe na karanga. Mmoja akauliza tofauti ya michembe na matobolwa, na mama akaacha kazi zote akamwonyesha: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, matobolwa vimechemshwa kwanza. Yule dada mpaka leo anamtumia mama salamu kila Idi, mimi hata hanisalimii.

Hawakulipa kitu, walileta sukari na sabuni kama wageni wanavyofanya. Nasikia mahali pengine duniani watu wanauziwa siku ya shamba kama wanavyouziwa safari ya mbuga. Sisi tuna mawe mjini, na ukitoka tu Kisesa na kuendelea, majaruba yanaanza, pamba inaanza, na basi linapita kwa kasi na mgeni amelala dirishani anaenda Serengeti, lango la Ndabaka. Tumemwacha alale.

Dereva Mstaafu
Mimi la haraka. Miaka mingi nilikuwa navusha lori Kigongo kwenda Busisi. Ukikuta kivuko kimeondoka, unazima gari, unanunua sato wa kukaanga, unajua habari zote za Geita na Sengerema kabla ya redio. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la Magufuli likafunguliwa, kilomita tatu juu ya maji, unavuka kabla wimbo haujaisha. Wagonjwa tuliokuwa tunawaona wakisubiri kwenye foleni wamepata nafuu, hilo halina mjadala.

Lakini wale akina mama wa samaki nawakumbuka. Ukivuka na watoto, usiwahi kukanyaga mafuta moja kwa moja. Simama ng'ambo, tafuta mama mmoja, nunua samaki.

Fundi Saa
Saanane mmepita kama vile haipo. Mimi nilikwenda na watoto, tukafurahi. Boti kutoka Capri Point ni dakika chache. Ni hifadhi ndogo kuliko zote za taifa nchini, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake, imekuwa hifadhi ya taifa 2013, kabla ya hapo ilikuwa bustani ya wanyama tangu 1964. Jina ni la mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi hapo. Pimbi wamejaa kwenye mawe, mwanangu aliwaita panya wa kanisani, sijui kwa nini. Chukueni maji ya kunywa na sweta: watu wanasahau ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, upepo wa jioni wa mwezi wa sita si wa Dar.

Mama Mapacha
Wakuu, swali moja tu. Ngosha anataka giza, Dada wa Kisesa anataka Ekaristi. Vinapatana?

Ngosha wa Mabatini
Vinapatana, na ni rahisi. Pasaka inafuata mwezi mpevu, na Ekaristi inakuja siku 60 baada yake, ambayo ni kama miezi miwili ya mbalamwezi. Kwa hiyo Bulabo kila mwaka inaanza mwezi ukiwa umeshaanza kupungua. Njoo mwishoni mwa wiki ya kwanza. Ngoma utazikuta, na mbalamwezi itakuwa imeshapita.

Mtoto wa Magu
Na pamba itakuwa imepasuka. Nitakutumia ujumbe wa faragha, mama anaulizia mapacha wanakula nini.

Mama Mapacha
Nimempigia baba watoto hesabu ya mwezi mbele ya mama, kanyamaza, kisha kauliza kama Pamba wana mechi wiki hiyo. Nimechukua hiyo kama ndiyo. Mapacha wameshagawana: mmoja Mgika, mwingine Mgalu, wanakimbizana sebuleni na mwiko. Mama kapanga mikoba yake miwili kitandani, mmoja kautia nguo, wa pili kaukunja mtupu. Nilipomuuliza akaniangalia kama mtoto: "Na dagaa nitaweka wapi?"