Naomba ushauri: mitokondria kukatika ndiko kunakoua seli, au ni dalili tu?

Wakuu, salaam. Naomba msaada wenu, jambo hili linaninyima usingizi. Nikizitia seli staurosporini (kemikali inayozichochea zijiue) kisha nikazitazama kwa hadubini, mitokondria zilizokuwa nyuzi ndefu zinakatika vipande vipande, vya mviringo kama shanga zilizomwagika. Kisha saitokromu c, protini ya ndani ya mitokondria ambayo ikitoka huamsha kifo cha seli, inavuja na seli inakufa.

Najua protini ya Drp1 ndiyo inayoizungushia mitokondria pete na kuibana hadi ikatike, na Bax, protini inayotoboa utando wa nje wa mitokondria, hukusanyika palepale penye mkato. Tangu 2001 imeonyeshwa kuwa Drp1 ikizuiwa, saitokromu c huchelewa kutoka. Lakini huchelewa tu! Bax na protini mwenzake Bak zikiwapo, seli nyingi hufa hata hivyo. Hapo ndipo ninapokwama.

Nilitaka kutumia mdivi-1, kemikali inayotumiwa kuzuia Drp1, ila 2017 ilibainika kwamba inazuia pia kompleksi ya kwanza ya upumuaji wa seli, kwa hiyo siwezi kuitegemea peke yake. Mliowahi kufanya kazi hii, nifute jeni ya Drp1 kabisa, au nitumie Drp1 yenye badiliko la K38A, linaloizuia isifanye kazi? Na nipige picha kila baada ya dakika ngapi ili nione kipi kinatangulia?