Hausingi ya filta imegoma kutoka. Wanaomwaga oili nyumbani tupeane uzoefu

NyegeziKona
Wakuu, habari za Jumapili. Nipo uvunguni mwa Toyota Crown yangu tangu saa tatu asubuhi, sasa hivi saa nane. Majirani wamekwenda kanisani, wamerudi, wamekula, wengine wameshalala, wote wananikuta palepale. Injini hii haitumii filta ya kopo, inatumia ile ya karatasi inayokaa ndani ya hausingi, yaani kikombe cha kufungua na kufunga. Nati ndogo ya katikati imetoka vizuri, oili ikachuruzika kidogo, nikajua kazi ni nyepesi. Hausingi yenyewe sasa! Nimejaribu mkono, praizi, mnyororo wa baiskeli, haijatikisika hata kidogo. Aliyeikaza mara ya mwisho ni fundi wa gereji moja hapa mjini Mwanza, na nakumbuka alivyoning'inia kwenye spana utadhani anafunga tairi la lori. Nilikuwepo, nikanyamaza, nikaona ndiyo ufundi wenyewe. Aliyewahi kupambana na kitu hiki aseme alishindaje. Au alishindwaje, maana nikikosa dawa nikose hata mwenzangu.

MjukuuWaIgoma
Nakaa siti ya mbele. Yangu ilikula siku mbili.

MamaJ_Pasiansi
Umenikumbusha IST yangu. Hiyo ni filta ya kopo lakini ugomvi ni uleule. Baba J aliposhindwa kwa mkono akachukua bisibisi, akalitoboa kopo upande huu likatokea upande ule, akazungusha. Kopo likachanika kama kopo la maziwa, mdomo wake ukabaki kwenye injini. Akautoa kwa tindo na nyundo, kipande baada ya kipande, saa mbili usiku kwa tochi ya simu. Akafunga mpya, akaoga, akasifiwa. Asubuhi nawasha nipeleke watoto shule, nasikia chwaaa, nikadhani mtu kafungua bomba la bustani. Oili yote chini. Kumbe raba ya filta ya zamani ilibaki imenata kwenye injini, yeye kaweka mpya juu yake. Raba mbili hazishiki presha ya oili. Bahati nilizima mara moja. Siku hizi filta haifungwi nyumbani kwangu mpaka nipitishe kidole pale inapokaa. Kidole changu, si tochi ya mtu.

BisibisiTu
Dada, bisibisi haina kosa, mwenye mkono ndiye. Nimetoboa filta tangu nikiwa na Corolla 100 na sijawahi kuchana hata moja.

MamaJ_Pasiansi
Zamu yako haijafika tu kaka. Halafu mleta mada ana hausingi, sasa atoboe nini hapo? Atoboe injini?

FundiWaMlangoni
Mkuu NyegeziKona, weka chini hiyo praizi kabla hujang'oa meno ya hausingi. Hizo za Toyota zina soketi yake, kama kikombe, milimita 64 meno 14. Ukinunua ya 65 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, itateleza na kula meno, halafu utarudi hapa unalia. Pili, upande wa kuzungushia. Ukiwa umelala chini unaitazama uso kwa uso, ni kinyume na saa, kushoto. Ukiinamia kwa juu mkono ukapita pembeni ya injini, kila kitu kinageuka. Nimeona watu wazima wakikaza kwa nguvu zote wakidhani wanafungua. Tatu, washa injini dakika tano ipate joto, raba ilainike, zima ndipo ujaribu.

BuswelluKwetu
Asiwashe! Oili ya moto ilinibabua kuanzia kiganja mpaka kwapani, maana ukiwa umeinua mkono inafuata mkono. Mimi nafungua gari ikiwa imelala usiku kucha.

FundiWaMlangoni
Nimesema joto, sijasema ichemke.

NyegeziKona
Oili nilishamwaga tangu asubuhi.

FundiWaMlangoni
Basi usiwashe kabisa, futa ushauri wangu. Ndiyo maana siku zote legeza kila kitu kwanza, mwaga baadaye. Sasa chemsha maji, loweka kitambaa, kikamue, kizungushie hausingi, rudia mara nne au tano. Halafu igonge pembeni kidogokidogo kwa mpini wa nyundo, si kwa kichwa chake.

Ukerewe_Nansio
Sisi huku injini za mitumbwi oili tunachanganya na petroli inaungua yote. Filta ya oili tunaisikia kwenu tu. Poleni sana wenye magari.

KirumbaMwaloni
Mnaongelea meno na raba, acheni niwaambie nilivyokaribia kuzikwa.

Ilikuwa Desemba, tunajiandaa kwenda Tarime kwa wakwe. Noah yangu ilikuwa inadai oili, nikasema safari yote hii nimpe fundi hela ya nini. Nakaa kwenye mwinuko huko juu Bugarika, mnazijua nyua zetu, sehemu ya kuegesha imelala kama paa. Nikainua kwa jeki ileile ya gari, ya mkasi. Stendi sina. Mwanza hii mtu ananunuaje stendi wakati mawe yamejaa mpaka chumbani? Nikabingirisha jiwe zuri, kubwa kama sufuria ya kilo tano, nikalisukumia chini. Nikaingia.

Filta ikagoma. Nikaweka spana ya mnyororo, ikateleza. Nikafunga msasa kwenye kopo, mnyororo juu yake, ukashika. Nikachukua kipande cha bomba la maji kama mita moja hivi, nikakichomeka kwenye mkono wa spana nipate nguvu. Navuta, gari inacheza. Nikaona inacheza kabisa, nikajisemea inacheza kwa sababu filta iko karibu kuachia. Nikavuta tena kwa miguu miwili imekanyaga ukuta.

Jiwe letu la ziwani ni la duara, wakuu. Upande unaouona ni bapa, upande wa chini ni yai. Lilizunguka. Jeki ikalala. Sikusikia kishindo, nilisikia giza limeshuka, na lile bomba likanikalia hapa chini ya titi la kushoto. Kilichozuia Noah isimalizie ni tairi la akiba. Wala sikuliweka mimi. Mke wangu alikuwa anapakia mchele wa ukweni, tairi likamziba njia, akalitupia uvunguni kwa hasira huku akisema "na hili dubwana lako kaa nalo".

Kupumua nilikuwa napumua kwa kuiba. Kuita siwezi. Mbele ya macho nina nati ya sampu, ile ya kumwagia oili, ina tone la oili, linajikusanya, linanenepa, halidondoki. Nililitazama tone lile sijui muda gani. Nikawa nawaza likidondoka nimekufa. Waliokuja kuinua ni vijana wanne waliokuwa wanacheza drafti chini ya mwembe wa jirani, wameitwa na mtoto wangu wa miaka sita aliyeona miguu ya baba haijibu.

Mbavu mbili. Wakwe tulikwenda Februari. Na filta, naapa, walipoinua gari wakaigusa ikatoka kwa vidole viwili.

BisibisiTu
Gari lidondoke, filta ilegee yenyewe? Mkuu hii ni chai, ina maziwa na tangawizi.

KirumbaMwaloni
Njoo Kirumba nikuvulie shati.

MjukuuWaIgoma
Mimi naamini. Ule mtikisiko ni sawa na kuigonga nyundo ya tani moja na nusu.

MamaJ_Pasiansi
Shemeji yetu apewe tuzo. Hilo dubwana limeokoa ndoa.

BuswelluKwetu
Kwa hiyo mchele ulifika ukweni au mliula wenyewe mkiuguza mbavu?

KirumbaMwaloni
Tuliula.

DaladalaZamani
Jiwe hapana, tofali ndiyo kabisa hapana, tofali linapasuka bila taarifa. Gogo la mti mgumu lililokatwa pande zote mbili, na zaidi ya hilo, tairi la akiba pembeni. Choki, yaani vizuizi vya gari lisibingirike, kwenye matairi ya nyuma. Na kama ni kuvuta kwa nguvu zote, vuta ukiwa umetoka kifua nje.

NyegeziKona
Wakuu mbona mmenisahau. Bado nipo chini.

FundiWaMlangoni
Umeiinua kwa kitu gani?

NyegeziKona
Jeki na jiwe. Mawili.

FundiWaMlangoni
Toka huko chini sasa hivi.

MamaJ_Pasiansi
TOKA.

NyegeziKona
Nimetoka.

PuuzaMtaro
Wakati anapumzika, hiyo oili chafu ameiweka wapi? Mimi huwa namwaga mtaroni, mvua inachukua.

MwalimuButimba
Mvua inachukua inapeleka wapi ndugu? Mtaro unaingia Mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na maji ya bomba tunavuta ziwani humohumo. Unajinywesha oili yako mwenyewe kwa kuzunguka.

PuuzaMtaro
Lita nne kwenye ziwa lote hili? Acha kunitisha mwalimu.

MwalimuButimba
Ungekuwa peke yako sawa. Weka kwenye dumu, mpe mtu anayejenga, wanapaka nguzo na mbao za kenchi kuzuia mchwa.

PuuzaMtaro
Haya, dumu ninalo, njoo ulibebe wewe.

MwalimuButimba
Nakuja Jumanne baada ya vipindi. Sitanii.

Na tukiwa hapo, hiyo hausingi ina namba imeandikwa kwa chini, 25, yaani nyutoni mita 25, kipimo cha nguvu ya kukazia. Wengi hawajui ni ndogo kiasi gani. Chukua spana yenye mkono wa sentimita 25, ning'iniza mfuko wa mchele wa kilo kumi kwenye ncha. Basi, ndiyo hiyo. Mtu mzima akining'inia na uzito wake wote ameshapitiliza mara sita au saba.

BisibisiTu
Mchele tena. Huu uzi una njaa.

MabatiniSpea
Soketi ya 64 meno 14 ninayo, ya chuma si ya bati. Nipo Mabatini. NyegeziKona njoo uchukue, ila irudi.

NyegeziKona
Nakuja na daladala, si unajua gari halina oili. Wabeja sana.

NyegeziKona
Jamani mrejesho, Jumatatu jioni. Nimeazima gogo na stendi moja, tairi la akiba nimelilaza chini kwa heshima ya shemeji wa Kirumba. Kitambaa cha maji ya moto mara tano, soketi ikakaa kama imezaliwa nayo, nikaigonga kidogo, nikavuta nikiwa nimechuchumaa pembeni. Ikalia kama mlango wa choo cha shule, ikaachia.

Sasa sikieni kilichokuwa ndani. Oringi mbili, zile raba za duara za kuzuia oili isivuje. Fundi yule aliweka mpya bila kutoa ya zamani. Ile ya zamani imekuwa bapa, ngumu kama waya wa umeme, kipande chake kimeingia kwenye nyuzi za hausingi kikasagwa humo. Ndicho kilichokuwa kinang'ang'ania. Nimekitoa kwa sindano ya kushonea magunia, nusu saa nzima. Oringi mpya nimeipaka oili kwa kidole, nikazungusha kwa mkono mpaka ikakaa, nikamalizia kwa ule mchele wa mwalimu. Nimewasha, nimelala kifudifudi naichungulia dakika kumi, pakavu.

MamaJ_Pasiansi
Kidole ulipitisha?

NyegeziKona
Nilipitisha mama.

BisibisiTu
Hongera. Ningetoboa tu.

MabatiniSpea
Soketi yangu?

NyegeziKona
Ipo mkuu, kesho asubuhi.

MjukuuWaIgoma
Kabla haijarudi, pitia Igoma kwanza. Yangu imegoma tena.

BuswelluKwetu
Na mimi nipo kwenye foleni baada ya Igoma.

MabatiniSpea
Hapana, hakuna cha Igoma wala Buswelu. Soketi irudi kwangu kwanza.