Viatu vya ngozi vya bei mbaya vimetoboka soli: nivirudishe kiwandani Uingereza, nimpe fundi wa Dar, au nitafute vingine?

Wakili_Kisutu (Dar es Salaam)
Wakuu, heshima kwenu. Nina jozi ya viatu vyeusi vya ngozi, oksfodi, vya kufunga kamba, vilivyotengenezwa Northampton, Uingereza. Jina la kiwanda naliweka kapuni, watu wasije wakasema natangaza biashara. Nilivinunua 2013 nikiwa masomoni kule, kwa pesa iliyoniuma kweli, na tangu hapo ndivyo navyoingia navyo mahakamani.

Ngozi ya juu bado nzima, ina makunyanzi tu pale vidole vinapokunjia. Shida iko chini. Soli ya kulia ina tundu la kupitisha kidole, visigino vimelika upande wa nje. Masika yaliyopita nilikanyaga dimbwi nje ya mahakama, nikasimama mbele ya hakimu huku kila nikihama mguu kiatu kinalia kama chura.

Nimeandikia kiwanda. Wanasema wanavua soli yote na kisigino, wanaweka vipya, wanapaka rangi upya, kiatu kinarudi karibu na kilivyotoka dukani. Pauni 160, wiki nane. Mdogo wangu yuko huku likizo na anarudi Agosti, anaweza kuvibeba. Fundi mmoja mjini ananitajia 60,000 kwa soli mpya ya ngozi, au 15,000 abandike nusu soli ya raba juu ya hiyo hiyo iliyotoboka. Na kuna wanaoniambia niamkie soko la Karume alfajiri nichague mtumba mwingine mkali, hadithi iishe.

Nani amewahi kupitia hili?

Mchumi_Asiyekopa (Dar es Salaam)
Pauni 160 ni zaidi ya nusu milioni. Kwa viatu VILIVYOTOBOKA. Kariakoo unapata jozi saba mpya na nauli ya bajaji inabaki. Wasomi mna shida zenu.

FundiMsharasi (Tanga)
Mkuu, kabla ya hesabu, kigeuze hicho kiatu na ukikague, maana jibu limo ndani yake.

Ingiza mkono, papasa soli ya ndani mpaka mbele. Ukikuta mstari wa uzi humo ndani, kimeshonwa kwa mtindo wa Blake, yaani sindano imepita soli ya ndani na ya nje kwa mpigo mmoja. Usipoukuta ndani ila unauona nje, juu ya ukingo wa soli, huenda ni Goodyear. Nasema huenda, maana siku hizi viko viatu vya gundi tupu vilivyopambwa uzi wa uongo pembeni.

Kwa kuwa ni cha Northampton, nakisia ni Goodyear. (Mtindo huo una jina la Charles Goodyear mdogo, mtoto wa yule Goodyear wa mpira.) Kiatu hicho kina mishono miwili. Wa kwanza unafunga ngozi ya juu, bitana na utepe wa ngozi unaozunguka kiatu, wenyewe wanauita welti, kwenye ukuta mdogo ulio chini ya soli ya ndani. Wa pili unafunga soli ya nje kwenye welti. Soli ikiisha unakata mshono wa pili, ule wa kwanza hauguswi kabisa. Katikati ya soli mbili panabaki uwazi, nao hujazwa gome la koki, lile linalochongewa vizibo vya mvinyo. Hilo ndilo linalobonyea taratibu kufuata unyayo wako, ndiyo maana kiatu cha zamani unakiona kitamu mguuni.

Kwa hiyo kazi yenyewe si uchawi. Nimejifunza kwa mjomba wangu, tunashona kwa msharasi na uzi uliopakwa nta, mkono kwa mkono. Elfu 60 kwa soli ya ngozi nzuri iliyoshonwa ni bei ya haki. Ila muulize huyo fundi swali moja tu: utashona au utabandika? Akikwambia "nitabandika halafu nitaongeza misumari", chukua viatu vyako uondoke.

Bob_wa_Gikomba (Nairobi)
Skiza huyo fundi kuhusu misumari. Mwaka juzi nilipata viatu vya Church's, kiwanda cha hukohuko Northampton, pale soko la Gikomba, kitu safi, shilingi 2,500, muuzaji hakujua anauza nini. Soli ilikuwa imeisha. Nikampelekea jamaa mmoja karibu na stendi. Nilirudi jioni, amepiga misumari pande zote. Ndani ikawa ni kama kukanyaga miiba ya mchongoma, akaniambia "zoea tu, itajilaza".

Fundi wa pili alipovifungua aliniita nikaona mwenyewe: welti imepasuka pahali patatu na soli ya ndani ina mashimo kama chujio. Welti hubadilishwa. Lakini soli ya ndani ndiyo inashikilia ule ukuta wa mshono wa kwanza, ikioza hiyo hakuna kiatu tena. Kwa hivyo bei ya fundi mbaya si zile 15,000 zake. Anaweza kukufungia na mlango wa kiwanda.

Mbongo_Leicester (Leicester, Uingereza)
Fundi umeeleza vizuri kuliko wengi huku, ila umeruka kitu ambacho kwangu ndicho kila kitu: kalibu, lile umbo la mguu ambalo kiatu huundwa juu yake.

Kiatu kilichovaliwa miaka kumi kimetanuka. Kimefuata mguu, kimefuata na kasoro za mwendo wako. Ukivua soli na kushona mpya bila kukirudisha kwenye kalibu yake, unashonea soli nzuri kwenye umbo lililopinda. Kiwanda kina kalibu ileile, namba ileile, upana uleule, kwa sababu ndiyo waliyokitengenezea. Wanakivalisha kwanza, kinakaa sawa, ndipo wanashona. Hapo hapo wanaona kama welti imechoka wanaitoa, wanabadilisha koki, wanaweka kisigino kipya, na ile ngozi ndogo yenye nembo ndani ya kisigino. Hiyo ndiyo unayoilipia, kwa maoni yangu. Soli peke yake mtu yeyote mwenye mkono mzuri anaweza.

Na si kiwanda kimoja. Eneo lote hili la Northamptonshire linaishi kwa viatu tangu zamani: Church's wa 1873 (sasa wako chini ya Prada), Crockett & Jones wa 1879, Loake pale Kettering na Barker pale Earls Barton wote wa 1880, Cheaney wa Desborough 1886. Wote hao wanapokea viatu vyao vilivyochakaa. Kwa kawaida kila mmoja hushughulikia vya kwake, kwa hiyo usipeleke cha huyu kwa yule ukitegemea kalibu.

Mchumi, hesabu yako haijakaa sawa. Usilinganishe 160 na viatu vya Kariakoo, linganisha na bei ya vilevile vikiwa vipya. Crockett & Jones mpya leo ni mamia ya pauni, Edward Green, nao wa Northampton, inavuka elfu moja.

Mchumi_Asiyekopa
Nani kamwambia anunue Edward Green? Miguu ni ileile.

FundiMsharasi
Leicester, kalibu nakubali. Mimi ninazo za kawaida, si za kiwanda chake, nachagua iliyo karibu na kujazia ngozi pale panapopwaya. Kiatu kilichovaliwa miaka mitatu minne hapo hakina tatizo. Cha miaka kumi na zaidi, ambacho hakijawahi kufunguliwa, sikatai, kiende kwao.

Ila usimfanye mtu aamini kila soli ikilika ni ndege. Mtu akiwa na akili anapeleka kiwandani mara moja, kisha soli inayofuata anampa fundi wa kushona, inayofuata tena ndiyo arudi kwao. Welti ikishonwa kila safari kwenye matundu mapya inakuwa kama stempu, inachanika. Fundi mzuri anapitisha uzi kwenye matundu yaleyale ya zamani. Mashine, hata za kiwandani, si rahisi zifanye hivyo.

Dada_Milwaukee (Wisconsin, Marekani)
Naingilia kwa niaba ya mume wangu ambaye hana muda wa mitandao ila ana muda wa kung'arisha viatu Jumapili nzima 😅

Sisi tunaishi jirani na kiwanda cha viatu cha Allen Edmonds, wako Port Washington, kama kilomita 40 kaskazini ya hapa, ukingoni mwa Ziwa Michigan. Kampuni ya 1922. Nao wana huduma hiyohiyo ya kukiunda kiatu upya, na watu kutoka majimbo yote wanatuma kwa posta. Mume wangu amepeleka jozi yake ya Park Avenue mara mbili. Mambo matatu niliyojifunza kwa kumsikiliza mpaka nikachoka:

Toa vile vibao vya mbao vinavyowekwa ndani ya kiatu kulinda umbo lake kabla ya kutuma, usitarajie kuviona tena. Ngozi ya juu ikiwa imepasuka (si makunyanzi, namaanisha ufa unaoonekana hadi ndani) watakurudishia bila kufanya kazi, kwa hiyo piga picha uwatumie kwanza. Na la tatu lilikaribia kuleta msiba nyumbani: wanapoondoa rangi ya zamani ili wapake mpya, ule uzee mzuri wa ngozi ya kahawia unaondoka nao. Vilirudi vimependeza, lakini si viatu vyake. Mara ya pili aliandika karatasi akaibandika ndani: "soli tu, juu msiguse." Wakatii. Vyako ni vyeusi, hilo halitakusumbua sana.

Wakili_Kisutu
Nimepapasa. Ndani hakuna uzi, nje upo. Goodyear. Nimevikunja mbele ya dirisha, ufa hakuna.

Swali: kwa nini nisibandike raba ya 15,000 halafu nisubiri mwakani?

FundiMsharasi
Kwa sababu maji yameshaingia. Tundu likifika kwenye koki, koki inalowa, inamumunyika, inakusanyika upande mmoja. Ukibandika raba juu umefunga unyevu ndani na hali hii yetu ya hewa ya pwani. Baada ya miezi utasikia harufu kabla hujaona kitu. Raba hubandikwa soli ikiwa bado nene, ikishakwanguliwa vizuri ili gundi ishike. Wewe umechelewa miaka miwili.

Mbongo_Leicester
Na mimi siafiki raba ya kubandika kabisa, hata kwenye soli mpya. Kama tatizo ni masika, waambie kiwanda wakuwekee soli ya raba ya kushona badala ya ngozi. Dainite, ile yenye vitufe vya duara chini. Inatengenezwa Market Harborough, mji jirani hapa. Ukiwa umesimama haionekani kama ni raba, na haiingizi maji.

FundiMsharasi
Nzito na inachemsha unyayo Dar mwezi wa pili.

Mbongo_Leicester
Afadhali unyayo wa moto kuliko chura mahakamani.

Mzee_wa_Malindi (Zanzibar)
Wanangu, salaam. Naona mnazungumza soli tu. Mimi nimevaa viatu vya ngozi toka ujana, na kwa pwani hii adui wa kwanza ni fangasi kabatini.

Kiatu kimoja usikivae siku mbili mfululizo. Mguu unatoa jasho, ngozi inalinywa, inataka siku nzima kulitoa. Kikilowa, jaza magazeti, kilaze ubavu kivulini, kisikaribie jiko wala jua la saa saba, maana ngozi inayokauka kwa moto inapasuka, na hapo huyo wa Wisconsin kashasema watakurudishia. Vibao vya mwerezi vikipatikana vizuri, visipopatikana magazeti yanatosha.

Halafu hii tabia ya kupiga kiwi kila asubuhi tabaka juu ya tabaka. Nta inabaki juu, ngozi chini inakufa njaa, siku moja unaona mistari myeupe pale panapokunja. Kila baada ya miezi michache ifute yote kwa kitambaa chenye unyevu, pakaa krimu ya ngozi, iache ilale usiku, kiwi kidogo kesho yake. Na mwanangu usipake mafuta ya nazi. Nimeona watu wanapaka. Yanavutia mende.

Bob_wa_Gikomba
😂😂 Mzee mende umemaliza.

Wakili_Kisutu (Novemba)
MREJESHO wakuu, kama nilivyoahidi.

Vilikwenda na mdogo wangu, kiwanda kikavipokea, wakaniandikia kwamba welti ya kulia imeoza pale kwenye tundu na wataibadilisha, bei ileile. Wiki nane zikawa kumi. Nilichagua Dainite, samahani Fundi. Binamu alikuwa anakuja kwenye harusi ya familia, akavibeba kwenye begi, sikuhangaika na posta wala forodha.

Havionekani vipya, na nimefurahi. Makunyanzi yangu yapo, ila mdomo wa kiatu umerudi mwembamba kama picha za 2013. Kisichosemwa sana: siku tatu za kwanza vilinibana. Koki ni mpya, haijanijua. Nilikuwa nimesahau kwamba hata mwanzo vilinibana hivyohivyo.

Na Fundi, usinune. Nina vya kahawia vya miaka minne, soli imeanza kulegea mbele. Hivyo haviendi popote, Ijumaa navipakia basi la Tanga. Ngozi, kushona kwa mkono, matundu yaleyale.

FundiMsharasi
Vilete. Toa kamba kwanza.

Mchumi_Asiyekopa
Fundi samahani, na mimi upo uwezekano? Vile vya Kariakoo vimeachama mbele, vyote viwili. Vina miezi mitano.

FundiMsharasi
Papasa ndani. Kuna uzi?

Mchumi_Asiyekopa
Hakuna uzi ndani. Nje upo, ila nimeuvuta umetoka wote mkononi.